Kibodi Iliyouzwa Mara Tatu

Tangu niseme kwamba kibodi kuukuu ya IBM imeuzwa jijini Nairobi ikaleta shilingi 25,500, na pesa zote zikaenda kwa maabara ya kompyuta ya shule moja ya kutwa kule Machakos, nimeulizwa maswali ya aina mbili. La kwanza ni la wasee wa mtaani: ni mwendawazimu gani huyo amenunua? La pili ni la watu wenye roho safi: si ungepeleka tu hiyo kibodi shuleni watoto waitumie? Hili la pili ndilo limenikalisha chini niandike, kwa sababu ndani yake kuna fikra tumeishi nayo Kenya muda mrefu, kwamba msaada ni kitu unachoshusha kwenye lori, mnapigwa picha, unarudi nyumbani. Lakini siwezi kulijibu kabla ya lile la kwanza, kwa hivyo nivumilieni. Tuanze na chuma chenyewe.

Kamusi zina majina mazuri, baobonye na kicharazio. Mimi nitasema kibodi. Hivyo ndivyo tunavyosema Luthuli Avenue, na sitaki fundi aniangalie kama mtangazaji wa taarifa ya saa moja.

Kibodi yangu ni ya aina inayoitwa Model M. Kuielewa lazima urudi kwa taipureta, kwa sababu kiwanda cha IBM cha Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, kilikuwa cha taipureta za umeme kabla hakijawa cha kitu kingine. Mwaka 1961 IBM ilitoa Selectric, ambayo badala ya mikono mingi ya herufi ilikuwa na kimpira kimoja kinachozunguka na kugonga karatasi. Makarani waliojifunzia mashine za aina hiyo walizoea vidole kupewa jibu. Unabonyeza, kitu kinaachia, unasikia, unajua herufi imeingia hata kama macho yako yamekwama kwenye karatasi unayonakili. Kompyuta zilipoanza kuingia ofisini, tatizo likawa hilo: utawapaje watu hawa kibodi isiyo na mashine ya kugonga karatasi ndani yake, na bado vidole vyao viamini?

Mhandisi wa IBM aitwaye Richard Hunter Harris alipata jibu, na hataza yake ilitolewa mwaka 1978. Chini ya kila kitufe kuna springi ndogo iliyosimama wima. Ukibonyeza, springi inabanwa, inazidi kubanwa, halafu ghafla inapinda kiunoni. Kule kupinda kunakisukuma kinyundo kidogo cha plastiki kilicho chini yake, kinyundo kinainama, herufi inaingia. Ule mlio wa "tak" unaosikia ni springi ikigonga ukuta wa kishimo chake. Kwa hivyo mlio, mguso na herufi vinatokea kwa wakati mmoja. Kidole hakidanganywi. Kibodi nyingi za mpira tunazouziwa leo hukuachia ubonyeze mpaka chini kabisa ndipo ujue kama umeandika, na mara nyingine hata hapo hujui.

IBM iliiweka springi hiyo kwenye kibodi za Model F, zikiwemo zile zilizokuja na kompyuta yake ndogo iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Model F ilikuwa imara sana, na ilikuwa ghali kuunda. Hapo ndipo inaingia Model M, mwaka 1985. Na hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu mitandaoni Model M inasifiwa kama kwamba malaika waliishusha. Ilikuwa kibodi ya kubana matumizi! Wahandisi waliondoa ile bodi ya umeme ya bei kali, wakaweka karatasi za plastiki zilizochapishwa njia za umeme. Badala ya kuifunga kwa vyuma vinavyofunguka, walitengeneza vijiti vya plastiki, wakavipitisha kwenye matundu ya bamba la chuma, wakaviyeyusha vichwa. Ikishafungwa namna hiyo, haikukusudiwa kufunguliwa tena. Mnaonifuata mnajua ninavyopenda kulalamika kuhusu simu zilizogundishwa kwa gundi. Sasa basi, babu yake simu hizo ni hii hapa.

Lakini walibana mahali fulani, hawakubana kila mahali. Bamba la chuma lilibaki, na ndilo linafanya kibodi nzima ipite kilo mbili. Vitufe ni vya plastiki inayoitwa PBT, ambayo haigeuki manjano upesi kama plastiki za kawaida, na herufi hazikupakwa juu. Zilizamishwa ndani kwa joto, kwa hivyo hata kitufe kikilika, herufi bado inasomeka. Na mpangilio wake ndio tunaotumia mpaka leo. Vitufe vya F viko juu, namba ziko kulia, katikati kuna mishale minne. Mishale hiyo IBM iliiga kwa wenzao wa kampuni ya DEC, waliokuwa wameipanga hivyo kwenye kibodi yao ya LK201 mwaka 1982. Ukitazama kibodi ya meza yoyote kwenye cyber iliyo karibu nawe, unatazama Model M iliyokonda. Ile ya Marekani ilikuwa na vitufe 101, ya Ulaya 102. Kitufe cha Windows hakimo. Hicho kilikuja na kibodi ya Microsoft mwaka 1994.

Yangu ni ya Ulaya. Kila Model M ina karatasi mgongoni kama cheti cha kuzaliwa: namba ya aina, namba yake yenyewe, tarehe, na mahali ilipoundwa. Yangu inasema 1391406, maana yake mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, mwaka 1989, na kwamba iliundwa Uingereza. Hiyo ni Greenock, mji wa pwani ya Uskoti ambako IBM ilikuwa na kiwanda tangu miaka ya 50. Kiwanda kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mwaka 1978 kilifunguliwa kituo chake cha reli, na kituo chenyewe kikaitwa IBM. Treni ziliacha kusimama hapo Desemba 2018, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushuka tena. Kule Lexington nako IBM iliuza biashara hiyo mwaka 1991, ikawa kampuni ya Lexmark. Lexmark ikaachana na kibodi mwaka 1996, na mitambo ikachukuliwa na kampuni ndogo ya hapo hapo mjini, Unicomp, ambayo mpaka leo inaunda kibodi za springi ileile na kuziuza kwa zaidi ya dola 100. Huyo ndiye mwendawazimu wa swali la kwanza: kuna watu dunia nzima, na wengine wako hapa Nairobi, wanaoandika kutwa kucha na wanajua tofauti.

Sasa tuje kwa sehemu ninayoipenda zaidi, maisha yake ya Kenya. Hayakuandikwa kwenye karatasi ya mgongoni. Yameandikwa upande wa juu, kwenye vitufe.

PBT ni ngumu, lakini miaka ikipita vidole huisugua mpaka inang'aa. Niliposafisha vumbi na kuiweka chini ya taa, nilitarajia herufi zing'ae: E, T, A, zile zinazotumika sana kwa Kiingereza. Ziling'aa kidogo tu. Kilichokuwa kinang'aa kama kioo ni upande wa kulia, kile kisanduku cha namba. Sufuri, moja, tano, nukta, na kile kitufe kirefu cha Enter cha pembeni kilichokuwa kimelika mpaka ule ukwaru wake wote umeisha. Kule juu vitufe vya F vilikuwa karibu vipya.

Nilimwonyesha shangazi yangu, ambaye miaka ya 90 alikuwa karani kwenye ofisi moja hapa mjini. Hakuangalia hata jina. Aliweka vidole vitatu juu ya nne, tano na sita, akabonyeza mara kadhaa bila kutazama, akacheka peke yake.

"Huyu alikuwa wa mishahara," akasema.

"Umejuaje, shangazi?"

"Barua hazina sufuri nyingi hivi."

Halafu akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasoma popote. Kwamba chumba chenye kibodi sita za aina hii kilikuwa na kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kwamba mkubwa wao hakuhitaji kutoka ofisini kwake kujua nani anafanya kazi. Alisikiliza tu ukutani. Kwamba wiki ya mwisho wa mwezi mlio haukukatika mpaka saa mbili usiku, na ukisikia kimya ghafla ujue stima imepotea na kazi ya saa nzima imeenda nayo. Nilimuuliza kama kidole kilikuwa kinauma. Akasema kidole hapana, kilichouma ni mgongo, kwa sababu meza zilikuwa zile za taipureta na kompyuta ilikuja na urefu wake.

Fikirieni kizazi hicho kidogo, kwa sababu hatukitaji kamwe tunaposimulia jinsi Kenya ilivyoingia kwenye kompyuta. Tunaruka moja kwa moja hadi M-Pesa ya 2007 na nyaya za baharini za 2009. Kabla ya hapo kulikuwa na wanawake wengi waliosomea kupiga chapa, waliofanya mitihani ya Pitman na ile ya baraza letu la mitihani, yenye viwango vya maneno mangapi kwa dakika, halafu katikati ya maisha wakaambiwa taipureta zinaondolewa. Wengi walijifunza kompyuta jioni, kwa nauli yao wenyewe. Baada yao ndio wakaja watoto wa "packages", ile kozi kila mzazi alikuwa anakulipia ukimaliza Kidato cha Nne ili usikae nyumbani bure. Hakuna sanamu ya karani wa mishahara popote nchini. Kuna sufuri inayong'aa.

Na mkono wa kibodi yenyewe haukuwa wetu. Ina alama ya pauni juu ya tatu, kwa sababu ilipangwa kwa ajili ya Waingereza. Haina ĩ wala ũ, kwa hivyo aliyetaka kuandika jina la Kikuyu au la Kikamba vizuri aliacha hivyo hivyo au aliongeza kwa kalamu. Kiswahili kiliponea, maana herufi zetu zote zimo, ila A, ambayo sisi tunaitumia kila mahali, ilitupwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Mpangilio huo ni wa Wamarekani wa miaka ya 1870, na hawakuwa wanatufikiria. Jaribu kuandika "tulikaa kwa baba wa Amina" kwenye springi hizi, utajua kidole chako cha mwisho kina misuli.

Nilivyoipata ni hadithi fupi. Kuna mzee wa skrepu upande wa Kariobangi ambaye huweka kando chochote kinachofanana na kompyuta mpaka mtu kama mimi apite. Kibodi ilikuwa kwenye rundo la kuvunjwa, iondolewe plastiki, bamba liende kwa chuma.

"Kijana, hiyo ni nzito, ina chuma safi," akaniambia.

"Mzee, ukishatoa plastiki utabaki na kilo ngapi?"

Aliipima kwa mkono, akanitazama usoni, akaona kwamba naitaka. Mia mbili. Bei ya chuma ilikuwa chini ya hapo, lakini uso wangu ulinigharimu. Huo ndio uuzaji wa kwanza.

Kuikarabati kulinichukua wikendi nne. Skrubu nne za nje zina vichwa vya pembe sita, na ziko ndani ya mashimo membamba kiasi kwamba spana ya kawaida ya 5.5 haiingii, fundi mmoja wa Luthuli alinichongea spana yake kwenye jiwe la kunoa mpaka ikaingia. Ndani nilihesabu vichwa 19 vya plastiki vilivyokatika, vinachezacheza kama meno ya mtoto. Huo ndio ugonjwa wa Model M zote. Vile vijiti vilivyoyeyushwa huchoka, bamba linaachana na plastiki, na springi zinaanza kukosa nguvu upande mmoja. Dawa yake haikutoka kiwandani, ilitoka kwa wapenzi wa kibodi hizi waliokataa kuzitupa: unakata vichwa vyote, hata vizima, unatoboa matundu ya milimita moja na nusu hivi, unaweka bolti na nati za milimita mbili. Kazi ya kutoboa plastiki ya miaka zaidi ya 30 haitaki haraka. Ukikaza sana inapasuka, ukilegeza herufi hazishiki. Vitufe vyote 102 vililala kwenye beseni la maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Springi mbili zilikuwa na kutu, nilizipata kwa mtu aliyekuwa na Model M iliyokufa. Mwisho nikaweka adapta ya kugeuza plagi yake ya zamani iwe USB.

Nataka mshike jambo hilo la bolti. Kiwanda hakikuiunda irekebishwe. Inarekebishika kwa sababu vitu vilivyomo ndani vina ubora wa kustahili kazi hiyo, na kwa sababu kuna watu walioamua kujifunza na kufunzana. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, ni skrepu.

Ndiyo maana sikuipeleka shuleni.

Hebu tuangalie historia ya kompyuta za msaada kwetu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 90, mashirika kama Computer Aid International la Uingereza yalikusanya kompyuta zilizoachwa na ofisi za huko, yakazifuta, yakazipima, yakazituma Afrika, Kenya ikiwemo. Hapa kwetu Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kuzipeleka mashuleni. Sisemi vibaya. Kuna watu wazima leo wanaoandika programu kwa mshahara mnono ambao mara ya kwanza kushika panya ilikuwa kwa kompyuta ya namna hiyo. Na hao wa Kenya walielewa mapema kwamba kushusha maboksi hakutoshi. Walifunza walimu, na kwao kukazaliwa kazi ya kukusanya na kuvunja taka za kielektroniki kwa njia salama. Lakini wafadhili wengi, wa nje na wa ndani, hawakujifunza hilo. Hata serikali yetu: mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza, mwaka 2016 zikaanza kufika tableti, na mpaka leo swali ambalo ukimuuliza mwalimu anacheka ni, ikivunjika kioo unaipeleka wapi?

Tatizo hili si la wazungu peke yao. Ni letu pia, na limo ndani ya kitu tunachojivunia sana, harambee. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, harambee imejenga shule za sekondari nchi nzima, zahanati, mabwawa. Ni jambo kubwa, hata baada ya wanasiasa kuichafua mpaka sheria ya maadili ya mwaka 2003 ikabidi iwazuie maofisa wa umma kuchangisha ovyo. Lakini angalia inajenga nini. Harambee ya kujenga darasa inapata mgeni wa heshima, hema na spika. Harambee ya kubadilisha bawaba za milango ya darasa hilo baada ya miaka kumi, nani amewahi kuiona kadi yake? Ukarabati hauna jiwe la msingi, na hakuna anayekata utepe wa bawaba.

Ile shule ya Machakos ilikuwa na kompyuta 24, zote za msaada wa miaka tofauti. Nilipoenda kwanza, 7 zilikuwa zinawaka. Nyingine 17 zilifunikwa vitambaa vilivyoshonwa vizuri, na mwalimu anayesimamia maabara aliniambia "zimekufa". Tulizifungua chache. Nne za kwanza zilikuwa na ugonjwa uleule: ile betri ndogo kama shilingi, inayoshikilia saa ya kompyuta, ilikuwa imeisha. Ukiwasha, mashine inasema tarehe imepotea, inasimama, inangoja ubonyeze kitufe, na kama kibodi nayo ni mbovu, hapo ndipo safari inaishia. Kompyuta nzima imelala miaka mitatu kwa sababu ya betri ya shilingi 60. Nyingine zilikuwa na kapasita zilizovimba vichwa kwenye visanduku vya umeme, ugonjwa uliosumbua vifaa vya kampuni nyingi vilivyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambao fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu anautibu. Mfadhili aliyezileta, na simtaji, alikuwa ametoa mashine, meza, hata rangi ya ukuta. Bisibisi hata moja hakuacha.

Sasa niambieni, ningeingia pale na kibodi moja ya kilo mbili, isiyo na kitufe cha Windows, inayohitaji adapta, nikaiongeza kwa rundo, ningekuwa nimesaidia nini? Ingefunikwa kitambaa. Huku nje kuna watu wanaoitaka kwa pesa, na pesa ndizo zinanunua betri.

Tuliiuza Jumamosi moja kwenye mkutano mdogo wa waandika programu na wachezaji wa gemu, na niliomba mnada uendeshwe kikwetu. Kama umewahi kukaa kanisani siku ya harambee unajua jogoo anavyouzwa. Mama mmoja analeta jogoo wa mia tisa, mtu ananunua elfu mbili, anasema "namrudisha", jogoo anauzwa tena. Bei ya jogoo ni kisingizio tu. Nilianzia elfu tatu. Wakainama, wakaijaribu mmoja mmoja, na chumba kikawa na ile mvua ya mawe aliyoniambia shangazi. Ilifika 14,500, na aliyeipata ni kijana anayeandika programu za benki, ambaye nilijua kabisa anaitaka. Akaishika, akaandika sentensi mbili, akaiweka mezani.

"Nairudisha," akasema.

Mnada wa pili uliishia 11,000. Aliyeinunua mara hii ameenda nayo, na majirani zake wa fleti wanipe pole yangu.

Kuna walioniambia ningeiuza nje kwa dola. Labda ningepata zaidi, labda posta ingekula faida yote, maana hicho ni chuma. Lakini kwangu kulikuwa na sababu nyingine. Hiyo sufuri inayong'aa ni ya karani wa hapa. Kama iko Nairobi, siku moja mtu anaweza kuuliza ni ya nani.

Hesabu ni hivi. Fundi wa Luthuli, yule wa spana, alilipwa 8,000 kwa siku mbili, na sharti lilikuwa moja, asitengeneze chochote mwenyewe. Alikaa kwenye kiti akaelekeza, wanafunzi 12 wakafungua. Kuna walioona ni pesa mingi kumlipa fundi kwenye kazi ya msaada. Mimi naona kinyume. Kila mtu kwenye mnyororo wa msaada hulipwa, dereva, meneja, mpiga picha, isipokuwa yule anayejua kazi, ambaye huombwa ajitolee. Pesa nyingine zilinunua mita ya kupimia umeme, vyuma viwili vya kulehemu, seti ya bisibisi, visanduku vinne vya umeme vya mtumba, kapasita, betri 20 na nauli. Jumla 23,000.

Kompyuta zinazowaka sasa ni 16. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu ameanza kubandika karatasi mgongoni mwa kila moja: tarehe iliyofunguliwa, kilichobadilishwa, jina la aliyebadilisha. Nane zilizobaki, tatu zimekuwa za kutolewa vipuri, na tano zinangoja diski.

Kuna shilingi 2,500 kwenye bahasha ya mwalimu. Yeye anataka vitambaa vipya vya kufunikia, kwa sababu ya vumbi, na vumbi la pale ni kweli si mchezo. Wanafunzi wanataka diski moja ya mtumba wajaribu kuigawia mashine mbili. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana.